Ukimchoma aliyekupa habari, utabaki na grupu la WhatsApp

Madogo mlioripoti kazini juzi juzi, hili nililijua kwa hasara. Nilianzia ofisi moja ya kliaringi hapa Dar, kazi yetu kutoa makontena bandarini, wiki ya kwanza nikaingizwa kwenye grupu la ofisi nikajua basi, habari zote nitazipata humo. Wapi! Humo ni "sawa bosi" na picha za Ijumaa njema. Habari zenyewe zinapita saa nne, kwenye chai na chapati kwa mama ntilie, na aliyekuwa nazo nyingi ni yule mzee anayezungusha makaratasi kati yetu, wakala wa meli na TRA. Kicheo tarishi tu, ila anaonana na watu ambao sisi hata sura zao hatuzijui. Chuo tulifundishwa kuna msosholojia Mmarekani, Granovetter, mwaka 1973 aliandika kwamba kati ya waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, asilimia 16.7 tu waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara, wengine wote ni wa kukutana mara moja moja. Nikajibu mtihani vizuri, nikasahau.

Siku hiyo mzee kaniambia, "mdogo wangu, D/O yenu imekwama, jina la mpokeaji limekosewa herufi, dada wa pale dirishani kaiweka pembeni, wahi leo." D/O ni ile karatasi ya wakala wa meli, bila hiyo kontena halitoki. Nikawahi kweli. Lakini kwenye kikao nikataka nionekane nina akili, nikamwaga yote, nani kasema, nani kaikalia. Bosi akapiga simu kwa wakala palepale, yule dada akasemwa, na mzee naye akajulikana.

Kuanzia hapo kila nikimuuliza, "sijui kitu mdogo wangu," anaendelea kupuliza chai. Wiki mbili mbele makontena yetu mawili yakapitiliza siku za bure, demareji, yaani tozo ya kuchelewa, ikawa inahesabiwa kwa dola kila siku kila kontena, na mzee alikuwa anajua. Simlaumu.

Kuomba msamaha niliomba, haikusaidia sana. Kilichosaidia ni vitu vidogo, mtu akiniambia jambo namuuliza kwanza "hii niseme kwa nani?", na likiisha narudi kumwambia limeishaje, maana wengi tunachukua habari tunapotea nayo. Na siku nilipokosea uzito kwenye dokumenti nikaenda mwenyewe kwa bosi kabla hajaletewa na mtu mwingine, nikafokewa mpaka wa ofisi ya pili wakasikia, ila mzee naye alikuwepo mlangoni.

Zikapita kama wiki tatu. Asubuhi moja kaja na kikombe chake kakaa benchi nililokaa mimi, hata salamu hajamaliza, "lile kontena la mchele, kaangalie orodha ya mizigo kwenye manifesti. Sijakwambia mimi."

Nikamwagizia chapati nyingine nikaondoka.