Kabla hujanunua Olympus Trip 35 ya mtumba

Kwa anayeanza kukusanya kamera ndogo za mkanda, Olympus Trip 35 ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote. Ilitengenezwa Japani kuanzia 1967 hadi 1984, na haitaki betri. Ile pete yenye vinundu angavu kuzunguka lenzi hufunika seli ya seleniamu. Mwanga ukiipiga huzalisha umeme unaosogeza sindano ya kipima mwanga, na sindano hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa tundu la lenzi na kasi ya shata (kilango kinachofunguka kupitisha mwanga), sekunde 1/40 au 1/200.

Kwa hiyo anza na seli, mng'ao wa bodi baadaye. Weka pete ya tundu la lenzi kwenye A (otomatiki), zungusha gurudumu la kuvutia mkanda hadi ligome, ziba lenzi yote kwa kiganja, kisha bonyeza. Ndani ya kitundu cha kuchungulia kinapaswa kutokea kibendera chekundu, na shata isifyatuke. Elekeza kamera dirishani ubonyeze tena: sasa ifyatuke. Kibendera kikitokea hata juani, aghalabu seli imekufa. Kamera hiyo inunue kwa bei ya vipuri tu, maana utabaki na 1/40 peke yake. Kisipotokea kabisa, kuna kitu kimekwama ndani.

Seli inaweza kuwa hai lakini imechoka. Hudhani kuna giza kuliko ilivyo, hivyo picha hupokea mwanga kupita kiasi. Linganisha na programu ya kupima mwanga ya simu. Ikipungua hatua moja, yaani ikiona nusu tu ya mwanga, mkanda wa ASA 200 (ASA ni kipimo cha wepesi wa mkanda kushika mwanga) upigie ukiwa umeweka kamera kwenye 400.

Ugonjwa wa pili ni mafuta kwenye vibamba viwili vinavyounda tundu la lenzi. Chungulia lenzi kwa mbele ukiwa kwenye mwanga mkali, ubonyeze polepole: tundu lijifunge na kuwa dogo, kisha lifunguke mara moja. Likisuasua, linahitaji kusafishwa na fundi. Hapa ndipo Trip nyingi huharibiwa. Anayefungua kioo cha mbele bila kuweka alama hukirudisha kwenye uzi wa skrubu usio wake, na picha zote hutoka na ukungu. Kamera hii haina B (mpangilio wa kuacha shata wazi muda wote unapobonyeza), kwa hiyo huwezi kukagua ukali wa picha kwa karatasi inayopenyeza mwanga. Tazama skrubu tatu ndogo za pete ya umbali. Zikiwa zimechubuka, uliza nani aliifungua.

Sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma karibu zote zimeshaoza na kuwa kama lami. Zikwangue kwa kijiti cha meno kilicholowa spiriti, bila kugusa lenzi, kisha laza uzi mweusi wa sufu kwenye mifereji na kipande chembamba cha mahameli upande wa bawaba.

Jua kali na ASA 400 huifikisha kamera kikomoni, 1/200 kwa f/22 (tundu dogo kuliko yote), na mchanga mweupe wa ufukweni huizidi. Tia mkanda wa 100 au 200.

Anayeishi pwani asiifungie kwenye mkoba wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuvu huota kwenye lenzi. Iweke ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza pamoja na pakiti za silika za kufyonza unyevu, na uzikaushe pakiti hizo kila zinapolowa.