Lori la Mfano Lenye Viungo Vinavyofanya Kazi: Si Kila Kitu Hugawanywa kwa 24

Lori langu la kwanza la mfano lilipendeza kulitazama, lakini lilipotakiwa kutembea lilishindwa. Nilikuwa nimechukua vipimo vya lori halisi, nikagawanya kila kipimo kwa 24, kisha nikakata, nikapiga tupa na kulehemu kwa uaminifu wa mtu anayenakili maandiko. Siku ya majaribio nililaza penseli mezani na kulisukuma lori taratibu juu yake. Gurudumu la mbele la kushoto lilipanda penseli, la kulia likaning'inia hewani, na springi, ambazo zilinichukulia jioni za majuma matatu, hazikupinda hata kwa unene wa unywele.

Kosa halikuwa katika ukataji bali katika hesabu. Urefu unapogawanywa kwa 24, uzito hugawanywa kwa 24 mara tatu, yaani kwa 13,824, kwa kuwa kitu hupungua urefu, upana na kimo kwa pamoja. Lori na trela lake vyenye tani 40 vikishapakiwa vinapaswa basi, katika uwiano wa 1:24, kuwa na uzito usiofika kilo 3. Springi iliyotengenezwa kwa chuma kilekile, kwa upande wake, hupungua ugumu mara 24 tu, na kwa hiyo, ukiilinganisha na mzigo unaoikalia, imekuwa ngumu mara 576 kuliko ile ya lori halisi. Lori langu lilikuwa la plastiki na tupu ndani, halikufika hata nusu kilo, nalo lilisimama juu ya springi zake kama benchi.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu ambao ningemshauri yeyote anayetaka kutengeneza viungo vinavyofanya kazi: kinachoonekana kigawanywe kwa uwiano, lakini kinachobeba, kinachopinda au kinachozunguka kipimwe upya kulingana na kazi yake. Katika springi za lori, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja chini ya jingine, bamba la juu peke yake ndilo ninaloliachia kazi, na mengine ni pambo la plastiki laini lililogundishwa katikati tu, pale boliti inapopita, ili ncha zake ziweze kuteleza. Bamba la kazi nalikata kutoka kwenye fila geji kuukuu, kile kifaa ambacho mafundi wa magari hupimia mianya midogo, kwa sababu vibamba vyake ni vya chuma kigumu na kila kimoja kimeandikwa unene wake. Unene ndio wenye uamuzi mkubwa hapa, kwani bamba likipunguzwa unene kwa nusu, ugumu wake hushuka hadi moja ya nane. Anza na kibamba cha mm 0.2, uweke uzito unaotarajia, na ikiwa ekseli haishuki, nenda kwenye cha mm 0.15 kabla ya kubadili jambo jingine lolote.

Usisahau shekeli ya nyuma. Bamba lililojikunja huongezeka urefu linapolazwa na mzigo, na ndiyo maana katika lori halisi ncha moja hufungwa kwa pini, na nyingine huning'inizwa kwenye kipande kinachobembea, ambacho ndicho shekeli. Niliwahi kuzifunga ncha zote mbili kwa kuogopa zisichomoke, nikajikuta nimerudi kwenye benchi langu lilelile.

Usukani una mtego wa namna nyingine. Lori linapokata kona, gurudumu la ndani hupita njia fupi na hupaswa kugeuka zaidi kuliko la nje, jambo ambalo Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, alilipatia ufumbuzi, na wakala wake, Rudolph Ackermann, akausajili Uingereza mwaka 1818. Kwa mtengenezaji wa mifano, kanuni hiyo ni kazi ya rula na karatasi: chora chasisi ikitazamwa kutoka juu, piga mstari kutoka kwenye kila kingpini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, hadi katikati ya ekseli ya nyuma, na mikono inayoshika tairodi, fimbo inayoyaunganisha magurudumu mawili ya mbele, ilale juu ya mistari hiyo. Lori likiwa na ekseli mbili za nyuma, mistari ikutane katikati ya hizo mbili.

Mchoro ni rahisi. Matundu ndiyo yanayosumbua. Katika mkono wa usukani wenye urefu wa mm 6, tundu lililozidi pini kwa mm 0.1 humpa gurudumu uhuru wa karibu digrii 1 nzima, na lori lenye ulegevu huo kwenye viungo vitatu au vinne vinavyofuatana hutembea kama limelewa. Kwenye lori halisi ulegevu wa mm 0.1 usingemsumbua dereva yeyote. Kwa hiyo sitoboi kamwe kwa ncha ya drili iliyo sawa na pini. Hutoboa tundu dogo zaidi, kisha nikalipanua kwa mkono, nikijaribu pini kila baada ya mizunguko michache, mpaka iingie kwa kusukumwa na kidole, izunguke, lakini isitikisike. Ni kazi ya kuchosha, nayo haina njia ya mkato niliyowahi kuiona ikifaulu.

Kuhusu propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, nitasema jambo moja. Uma mbili zilizo kwenye ncha za shafti hiyo moja lazima zilale katika bapa moja. Ukizigeuza digrii 90, lori litatembea, ila magurudumu yataongeza na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko wa shafti, na wewe utatumia siku nzima ukilaumu gia zisizo na kosa.

Mwili wa tipa huwavutia wengi kutumia mabomba ya sindano yaliyojazwa maji, nami nilianza hivyo hivyo. Tatizo ni mpira wa ndani ya bomba, ambao hung'ang'ania, halafu huachia ghafla, na mwili hupanda kwa kushtukashtuka. Skrubu ya M3, yaani yenye kipenyo cha mm 3, inayozungushwa na mota ndogo hutulia zaidi: kila mzunguko huisogeza nati mm 0.5, hivyo mizunguko 80 hutoa mwendo wa mm 40, na mota inayozungusha skrubu mara 160 kwa dakika humaliza kazi kwa sekunde 30, mwendo unaofanana sana na wa tipa halisi. Tena ukizima mota, mwili hubaki palepale. Angalia tu pembe ya kuanzia. Skrubu iliyolala digrii 10 hutumia takriban asilimia 17 tu ya msukumo wake kuinua, na inayobaki husukuma bawaba mbele, kwa hiyo ipe nafasi ya kuanza ikiwa imeinuka kadiri chasisi inavyoruhusu.

Taa ni jambo jepesi mradi waya ziwe nyembamba. Waya wa mm 0.2 kutoka kwenye koili ya mota iliyokufa unatosha kwa taa ndogo. Ukwangue vanishi yake kabla ya kulehemu.

Rangi ndiyo iliyonitia hasara ya mwisho. Milango ya kabini ilifunguka vizuri ikiwa mitupu, nikaipiga rangi ikiwa imeshafungwa, na asubuhi haikusogea tena, kwa kuwa matabaka matatu ya rangi yaweza kufika mm 0.1 na bawaba zangu hazikuwa na nafasi ya hata nusu yake. Nilipolazimisha, pini ya mlango wa dereva ilikatika. Siku hizi napaka kila kipande peke yake, nikiwa nimeingiza kijiti cha kuchokolea meno katika kila tundu la bawaba, na ninapokichomoa rangi haijakauka kabisa, nakizungusha kwanza ili kisiondoke na ukingo wake.