Uchumi upi wa kusoma Kampala kwa anayelenga benki ya uwekezaji

Mdogo wangu, swali lako ni hili: umemaliza S.6 (kidato cha sita) na PEM, yaani Fizikia, Economics na Hesabu, una A ya Hesabu, B ya Economics na C ya Fizikia, unataka kufanya kazi ya benki ya uwekezaji, na unasita kati ya Quantitative Economics ya Makerere, BA Economics ya hapohapo, na BCom (shahada ya biashara) ya MUBS, chuo cha biashara kule Nakawa. Waliotangulia kukujibu wamesema uchumi ni uchumi, muhimu ni daraja la kwanza. Hapo kwenye daraja wako sawa. Kwenye "uchumi ni uchumi" nawapinga.

Uijue kwanza kazi yenyewe. Benki ya uwekezaji haipokei akiba za watu. Inashauri kampuni inayotaka kuuza hisa kwa umma, kununua kampuni nyingine, au kukopa kwa hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji. Kampala kazi hiyo ipo, ila ni finyu. Soko letu la hisa, USE, lilianza biashara mwaka 1998, na mpaka leo kampuni mpya huingia kwa kudondoka: MTN Uganda mwaka 2021 kwa shilingi 200 kila hisa, Airtel Uganda mwaka 2023 kwa shilingi 100, na zote mbili hazikupata wanunuzi wa hisa zote zilizotangazwa. Soko la aina hiyo haliajiri vijana kwa makundi kila mwaka. Wanaoshughulika na miamala utawakuta katika idara za wateja wakubwa za benki kama Stanbic na Absa, kwa madalali wa hisa wenye leseni ya CMA (mamlaka ya masoko ya mitaji), kwenye vitengo vya ushauri vya kampuni za ukaguzi wa hesabu kama PwC, KPMG, Deloitte na EY, upande wa uwekezaji wa NSSF, na kwenye mifuko ya uwekezaji kama Pearl Capital Partners. Hao wote wanaajiri mtu mmojammoja, na wanataka anayeweza kukaa kwenye Eksel siku ya kwanza.

Kwa hiyo jina la kozi liweke pembeni. Nenda ofisi ya kozi au tovuti ya chuo, chukua orodha ya yuniti za miaka yote mitatu, kisha shika kalamu. Tafuta yuniti za hesabu hasa (kalkulasi, matriki, uwezekano), za ekonometriki (takwimu za kupima uchumi), za uhasibu wa fedha, na za fedha za makampuni. Andika kila moja ina krediti ngapi, na ni ya lazima au ya kuchagua. Ya kuchagua ina mtego: inaweza kuwa kwenye karatasi na isifundishwe mwaka wenu kwa sababu wanafunzi walioichagua hawatoshi. Waulize walio mwaka wa tatu sasa, siyo ofisi.

Ukifanya hivyo picha inajitokeza yenyewe. Quantitative Economics ina hesabu na ekonometriki ya kutosha, ila uhasibu ni mwembamba. BA Economics ina hesabu nyepesi zaidi na inaegemea sera na maendeleo. Ni kozi nzuri kwa anayetaka wizara ya fedha au mashirika, lakini kwa lengo lako ingekuwa ya mwisho kwenye fomu. BCom ina uhasibu mwingi na hesabu kidogo.

Mimi ningeweka Quantitative Economics mbele, na sababu ni moja tu: uhasibu unaweza kujifundisha ukiwa na vitabu vya CPA (mitihani ya taaluma ya uhasibu) na jioni zako, wakati hesabu ya mwaka wa pili bila mwalimu na bila mtihani wa kukusukuma wachache sana huimaliza. Anayependa hesabu kwelikweli aangalie pia Actuarial Science (hesabu za bima na hatari) na Bachelor of Statistics, maana waajiri wa fedha hawazibagui hata kidogo.

Pengo la uhasibu usilidharau, kwa sababu ndilo linalowaangusha wachumi kwenye usaili. Swali maarufu ni hili: kampuni imeongeza uchakavu kwa shilingi milioni 10, kodi ni asilimia 30, eleza kinachotokea kwenye taarifa zote tatu za fedha: ya faida na hasara, ya mtiririko wa fedha, na mizania. Faida kabla ya kodi inashuka kwa 10, kodi inapungua kwa 3, faida halisi inashuka kwa 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 7, unarudisha 10 kwa kuwa uchakavu hautoi pesa mfukoni, taslimu inaongezeka kwa 3. Kwenye mizania, taslimu imepanda 3 na mitambo imeshuka 10, mali imepungua 7. Upande wa pili faida limbikizi nayo imepungua 7. Imesawazika. (URA, mamlaka ya mapato, ina viwango vyake vya uchakavu kwa ajili ya kodi, lakini kwenye usaili huchukuliwa kuwa kitu kimoja.) Mchumi aliyesoma nadharia tupu huishia kwenye faida, kisha anashangaa imekuwaje taslimu ipande wakati faida imeshuka.

Upande wa hatifungani ni vilevile. Hatifungani ya serikali ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 15 inayolipwa kila baada ya miezi sita, soko likianza kudai asilimia 16, kila mchumi anajua bei itashuka. Kwenye meza ya biashara ya hatifungani wanataka namba: takriban 95.09 kwa kila 100. Kama huwezi kuipata kwa Eksel ndani ya dakika mbili, bado hujawa tayari.

Kuhusu kuingia Makerere: alama zako hazihesabiwi sawa kwa kila kozi. A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, na kuendelea kushuka. Masomo mawili ya msingi wa kozi huzidishwa kwa 3, linalohusiana huzidishwa kwa 2, na General Paper pamoja na subsidiary (somo dogo la nyongeza) huongeza pointi moja moja ukifaulu. Hesabu na Economics zikiwa ndizo za msingi na Fizikia ikiwa inayohusiana, una 18, 15, 8 na 2, jumla 43, kabla ya nyongeza ndogo ya matokeo ya S.4 (kidato cha nne). Piga hesabu hiyo kwa kila kozi kabla ya kupanga chaguo zako, ukitumia jedwali la uzito la mwaka huu, siyo la kaka yako. Kozi unayoitamani ukiiweka chaguo la tatu unaweza kuipoteza.

Hakikisha pia ithibati ya kozi kwa NCHE (baraza la taifa la elimu ya juu) bado iko hai. Mwaka 2023 kulizuka mtafaruku nchini kwa sababu programu nyingi za vyuo vikuu zilionekana muda wake wa ithibati umepita, na walioumia ni waliokuwa wanahakikiwa vyeti nje ya nchi.

Sasa daraja. Makerere daraja la kwanza linaanzia 4.40 kwa kipimo cha 5. Watu huchezea mwaka wa kwanza wakidhani watafidia. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 3.40, krediti zikiwa sawa kila muhula, unahitaji wastani wa 4.90 katika mihula minne iliyobaki. Hilo ni karibu A mfululizo, kwenye yuniti ngumu zaidi.

Cheti cha CFA, cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, wengi hukikimbilia mapema mno. Kanuni inakuruhusu kufanya mtihani wa kwanza ukiwa umebakiza miezi isiyozidi 23 kuhitimu. Ada yake inazidi dola 1,000, na taasisi yenyewe inapendekeza saa 300 za kusoma. Angalia mgawanyo wake: uchumi ni asilimia 6 hadi 9 tu, uchambuzi wa taarifa za fedha 11 hadi 14. Usilipe kabla uhasibu haujakukaa. Kama pesa ni ya shida, anza na karatasi za CPA za ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda.

Nje ya nchi nitagusa kidogo. Strathmore ya Nairobi ina Financial Economics ya miaka minne, na faida yake kubwa ni kuwa jirani na ofisi zinazofanya miamala mingi kuliko zetu. London ni habari nyingine: kule wanachuja kwa jina la chuo na kwa mafunzo ya kazi ya kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho, na chuo cha LSE haikupokei kwenye uchumi bila Hesabu ya A-level. Kwenda chuo kisichojulikana Uingereza kwa mkopo wa mzazi, ukitegemea neno "London" kwenye CV, ni hasara.

Nafasi ya mafunzo baada ya mwaka wa pili ianze kutafutwa Januari, siyo Mei wakati darasa zima linagawa barua. Ambatanisha kurasa mbili za uchambuzi wako wa kampuni moja ya USE pamoja na faili la Eksel lenye fomula zinazofunguka, siyo namba zilizobandikwa. Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme nchini, ni zoezi zuri kuliko yote: mkataba wake na serikali uliisha tarehe 31 Machi 2025, serikali ikalipa dola milioni 118, kampuni ikasema inadai zaidi. Chukua ripoti zake za mwaka, tafuta mtaji ambao ulikuwa haujarejeshwa, na uonyeshe ni dhana zipi zinazotenganisha namba za pande mbili.