Mtoto kubaki nyuma akitembea: ni uzito?

Dada, umeuliza kama mwanao wa darasa la pili anabaki nyuma ya wenzake njiani kwa sababu ni mnene. Huenda uzito unachangia, ila mtazame urefu kwanza. Mwenye miguu mifupi hupiga hatua nyingi zaidi kwa umbali uleule, na katika umri huo watoto wa darasa moja hupishana sana kimo.

Kuna kipimo rahisi wanachotumia wataalamu: mtoto anatembea kwa dakika 6 kwenye njia tambarare, kwa kawaida ya mita 30, akienda na kurudi, kisha wanahesabu mita. Bila kukimbia. Watoto wanene kwa wastani hufika umbali mfupi kidogo, na hiyo haimaanishi ni wavivu. Mwenye kilo 35 akitembea mita 500 amefanya kazi kubwa kuliko mwenye kilo 22 aliyetembea hizohizo. Ni kama kubeba ndoo ya maji usiyoitua!

Halafu usimpime kwa zile namba za BMI (kilo ukigawanya kwa kimo cha mita kilichozidishwa chenyewe) za watu wazima, 25 ya uzito uliozidi na 30 ya unene. Za mtoto husomwa kwenye chati ya umri na jinsia, kliniki wanayo.

Kumnyima chakula hapana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na rede au kuruka kamba vinahesabika. Ila kifua kikitoa mluzi anapopumua, akiumwa kifua au kuzimia akitembea, mpeleke kwa daktari.