Maswali ya Wasomaji: Leseni ya Bunduki Haikupi Ruhusa ya Kuwinda

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimetoka nchi tatu tofauti, lakini waandishi wake wote wanadhani kwamba aliye na bunduki halali ameshamaliza habari ya karatasi.

Ndugu Mhariri, marehemu baba alikuwa na shotigani iliyosajiliwa, na kila kiangazi alikuwa akituletea kanga na kwale, mara mojamoja swala. Alifariki mwaka jana, na bunduki imo kabatini pamoja na leseni yake. Je, naweza kuitumia msimu utakapofunguliwa? — Msomaji, Manyoni, Tanzania

Pole sana kwa msiba. Bunduki hiyo bado si yako, na kwa jinsi ilivyo sasa inaweza kukuponza hata kama hujawahi kuigusa. Leseni ya silaha hutolewa kwa mtu kwa jina lake, na mwenye jina akifariki, leseni hairithiwi kama linavyorithiwa shamba. Utaratibu chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ni kwamba familia itoe taarifa polisi na kuikabidhi silaha, kisha yule anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe upya, ombi ambalo huanzia kwa serikali ya kijiji au mtaa wanaomfahamu mwombaji na tabia yake. Nenda kituoni kwanza ukiwa na leseni ya marehemu na cheti cha kifo, ueleze, na uulize silaha ifikishwe vipi. Usiifunge kwenye khanga ukapanda nayo bodaboda, kwa maana askari wa kizuizini hatajua kwamba safari yako ilikuwa ya kuisalimisha.

Tuseme umeipata leseni hiyo. Bado huna ruhusa ya kuwinda hata kwale mmoja. Uwindaji unatawaliwa na sheria nyingine kabisa, yaani Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na leseni yake hutafutwa kwa mamlaka za wanyamapori. Kwa mtu wa Manyoni, mlango wa kuanzia ni ofisi ya Afisa Wanyamapori wa wilaya, ambaye pia atakueleza maeneo yaliyotengwa kwa wawindaji wenyeji mwaka huo. Msimu wa wenyeji kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 31 Desemba, lakini usiutegemee kama unavyoitegemea kalenda ya ukutani, kwa sababu Serikali imewahi kuusimamisha uwindaji wa wenyeji kwa kipindi kirefu. Uliza kila mwaka.

Isome leseni hiyo neno kwa neno. Inataja aina ya mnyama, idadi yake, eneo na tarehe, na kila kimoja kati ya hivyo ni mpaka. Aliyeandikiwa swala pala mmoja, akakutana na pofu aliyesimama kama picha, hana haki ya kumpiga pofu huyo, na mwenye leseni ya eneo moja hawezi kuvuka kijito akaendelea kuwinda katika eneo lililo ng'ambo. Mnyama mjamzito au anayenyonyesha hapigwi. Twiga, mnyama wa taifa, haingii katika leseni ya mtu yeyote.

Kuna pia namna ya kuwinda, na hapa ndipo wengi waliozoea kwenda na wazee wao porini huteleza, kwa sababu mengi yaliyokuwa yakifanyika zamani ni makosa leo. Huruhusiwi kuwinda usiku wala kummulika mnyama kwa kurunzi. Huruhusiwi kupiga ukiwa ndani ya gari au ukiwa umbali usiofika mita 200 kutoka kwenye gari. Kuvizia kwenye dimbwi la kudumu au penye chumvi ambapo wanyama hulamba kumekatazwa, na vivyo hivyo sumu na mitego ya nyaya. Kuhusu shotigani ya marehemu, hiyo ni silaha ya ndege. Marisau yanamtosha kanga, lakini swala aliyepigwa marisau kwa mbali hukimbia na majeraha akafie kichakani, na sheria inamtaka mwindaji amfuatilie mnyama aliyemjeruhi. Wanyama wakubwa wanataka bunduki kubwa zaidi; nyati, kwa mfano, hapigwi kwa bunduki iliyo chini ya kipimo cha .375.

Mwisho ni nyama yenyewe. Ukishaangusha mnyama, andika taarifa zake kwenye leseni hapo hapo, kabla ya kuwasha moto wa kuchoma maini, kwa kuwa paja la swala lisilo na karatasi huhesabiwa kuwa nyara za Serikali, na kosa la kupatikana na nyara linaweza kumpeleka mtu gerezani kwa miaka 20 hadi 30. Binafsi naiona adhabu hiyo kuwa nzito mno kwa mtu aliyekamatwa na kitoweo tu, lakini ndiyo iliyoandikwa. Mwenye hamu ya nyamapori bila hamu ya kuwinda anaweza kununua katika bucha zilizosajiliwa chini ya kanuni za mwaka 2020, na risiti yake asiitupe.

Ninaishi Taveta na nina bunduki yenye leseni. Binamu yangu upande wa Tanzania huwinda kila mwaka. Je, msimu wa Kenya hufunguliwa lini? — Msomaji, Taveta, Kenya

Haufunguliwi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeuendeleza msimamo huo, hata kwa anayetafuta kitoweo cha nyumbani. Wanyama wakiharibu shamba lako, toa taarifa kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, na udai fidia kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo. Usivuke mpaka na bunduki yako kumfuata binamu, wala asikuletee minofu kwenye mfuko wa rambo. Leseni yake inaishia kwao.

Mimi ni Mkongomani, nilikuja Marekani kama mkimbizi na sasa nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Hapa Lewiston, Maine, mwenzangu wa kazini amenialika twende kuwinda kulungu Jumapili baada ya ibada, na atanipa bunduki yake. Je, kuna tatizo? — Msomaji, Maine

La kwanza ni siku yenyewe. Maine hairuhusu kuwinda Jumapili. Wapo waliofungua kesi wakidai kwamba haki ya chakula iliyoingizwa katika katiba ya jimbo mwaka 2021 imelifuta katazo hilo, na mwaka 2024 mahakama kuu ya jimbo iliwakatalia. Sina hakika kama mwenzako amesahau au anakutania.

Kuhusu bunduki, sheria ya shirikisho haimzuii mkaazi wa kudumu asiye na hatia ya kosa kubwa. Nakutahadharisha kwa ajili ya ndugu zako wengine: aliyeko nchini bila kibali haruhusiwi kushika silaha wala risasi, aliyeingia kwa viza ya muda hukatazwa isipokuwa katika hali chache, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya kuwinda, na mwenye ombi la hifadhi ya ukimbizi ambalo halijaamuliwa amwone mwanasheria kwanza. Kuazimwa na rafiki kwa saa moja nako ni kushika silaha.

Utahitaji leseni ya jimbo, ambayo hutanguliwa na kozi ya usalama wa wawindaji. Anayeanza anaweza badala yake kuchukua leseni ya mwanagenzi na kuwinda chini ya macho ya mtu mwenye uzoefu. Msimu wa bunduki kwa kulungu huanza Jumamosi inayotangulia Jumatatu ya kwanza ya Novemba na kwisha Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving), ambayo ni Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Vaa kofia na fulana za rangi ya chungwa inayong'aa, zote mbili. Usiweke bunduki yenye risasi ndani ya gari, na usipige ukiwa ndani ya yadi 100 za nyumba ya mtu bila idhini yake. Ukimpata kulungu, mfunge lebo yenye jina lako kabla hujamsogeza, kisha mpeleke kituo cha usajili ndani ya saa 18. Nyama unaweza kuwagawia majirani na waumini wenzako kadiri upendavyo, ila usiuze hata kipande.