Maadili si udongo

Swali: Msomaji anayesoma sosholojia anauliza kama ukengeushi, ukengeufu, upotovu na uhalifu ni kitu kimoja. Ameambatisha sentensi aliyoandikishwa: "Ukengeushi ni mmomonyoko wa maadili katika jamii." Anataka kujua kama iko sawa.

Jibu: Kisarufi iko sawa. Tatizo ni kwamba haisemi kitu.

Tumalizane na maneno kwanza. Kukengeuka ni kuiacha njia na kushika upande. Nomino yake safi ni ukengeufu, kama tukuka inavyozaa utukufu na kunjuka ukunjufu. Ukengeushi nao una haki yake, maana k hugeuka sh mbele ya i: pika, mpishi, andika, mwandishi. Ila sh hiyohiyo imo katika kengeusha, kwa hiyo msikilizaji hajui kama unamsema aliyeacha njia au aliyewaachisha wengine. Nachagua ukengeufu. Upotovu umetoka kwa potoka, yaani kupindika, na huja na hukumu mkononi. Uhalifu, wenye asili ya Kiarabu kama maadili yenyewe, unataka sheria. Dereva anayezidisha mwendo kidogo pamoja na wenzake wote barabarani ameihalifu sheria, na hakuna anayemkodolea macho. Abiria anayeimba peke yake kwa sauti anakodolewa na basi zima, na hakuna kifungu alichovunja.

Sasa huo mmomonyoko. Momonyoka ni kitenzi cha udongo na cha ukuta wa matope. Mvua inapiga, mteremko upo, ardhi haina majani, tabaka la juu linakwenda na maji. Udongo haukuamua lolote. Hiyo -ka ya mwisho ndiyo kazi yake: jambo limetokea, mtendaji haonekani. Ndiyo maana wenye vipaza sauti wanalipenda. Kijana akinyoa kiduku, mmomonyoko. Binti akivaa suruali, mmomonyoko. Mweka hazina akila michango, mmomonyoko uleule! Mwizi na mwenye kiduku wametupwa korongo moja, na aliyewatupa hakuulizwa ametumia kanuni ya nani.

Tena ifuate sitiari hadi mwisho wake. Udongo uliomomonyoka haupotei. Hushuka bondeni ukarutubisha shamba la mwingine. Haya, maadili yetu yamemrutubisha nani? Na mmomonyoko hudai kwamba hapo zamani ardhi ilikuwa nzima, wakati Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alikwisha kueleza mwaka 1895 kwamba hata jamii ya watakatifu watupu ingekuwa na wakosaji wake: vikosa vidogo vingepanda cheo na kuhesabiwa makosa makubwa.

Howard Becker naye, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1963 alisema ukengeufu haumo ndani ya tendo. Unatokana na watu kutunga kanuni, kuitumia kwa mtu fulani na kumbandika jina. Mtazame mwenye kutumia mkono wa kushoto. Lugha yenyewe imemtangulia: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, hivyo anayekula kwa ule mwingine amekengeuka kabla hajameza tonge. Watoto wa namna hiyo walipigwa vidole ili waandike kwa mkono "sahihi". Siku hizi walimu wengi wanawaacha. Mkono ni uleule, kanuni ndiyo iliyohama. Hapo kimemomonyoka nini?

Kwa hiyo andika hivi: "Ukengeufu ni tendo au hali ambayo jamii fulani, kwa wakati fulani, inaiona kuwa imeacha kanuni zake." Usiliondoe neno "inaiona", hilo ndilo linalobeba mzigo.

Wenye vipaza sauti najua hawataacha, na nimechoka kupiga kelele. Waendelee na mmomonyoko wao, mradi mwishoni mwa sentensi wamtaje aliyekula michango.