Jibu: Kujitolea msitu wa Rau, naanzia wapi?

Mkuu, umeuliza kama unaweza kujiunga na kikundi cha kutunza msitu wa Rau hapo Moshi bila kuwa mkazi. Unaweza, ila ule ni msitu wa hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), huwezi kuingia na miche yako tu. Pita kwanza ofisi yao, kisha kamati ya mazingira ya mtaa.

Kupanda miti masika kila mtu anapenda, na picha zinapigwa. Kazi yenyewe ni kiangazi: kubeba madumu, kupalilia, kuzuia mbuzi. Vikundi vingi hufia hapo. Nenda na gunia na glovu. Mikaratusi usipeleke kabisa, inakunywa maji mengi na Rau ni msitu wa chemchemi. Na uombe uonyeshwe msoo, mti adimu wa msitu huo.